Mkono Unaposhuka

Kompyuta ya kaka Khalfan ilisema bega langu linauma. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui.

Tulikuwa kwenye uwanja wa besiboli wa Frogtown, Minnesota, upepo wa Aprili unapiga mpaka macho yanatoa machozi. Kwenye kona ya maegesho kulikuwa bado na kichuguu cha theluji nyeusi kilichokataa kuyeyuka. Kaka Khalfan alikuwa amejikunyata nyuma ya wavu, kompyuta mapajani, kamera juu ya miguu mitatu kando yake. Kila nikirusha mpira kamera ilipima kasi yake, jinsi unavyojizungusha hewani, na kimo cha mkono wangu pale nilipouachia. Kila mpira uligeuka kidoti kwenye skrini.

"Koku, njoo uone."

Nilikwenda. Alinionyesha kundi la vidoti lililokaa pamoja upande wa juu.

"Hapa mkono wako uko juu, vizuri kabisa. Sasa ona hivi." Chini kulikuwa na kundi jingine, dogo, limejitenga. "Hapa umeshuka. Na haushuki polepole kama mkono wa mtu aliyechoka. Unashuka ghafla, unapanda, halafu unashuka tena. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Una uhakika?"

"Siumwi, kaka."

Kocha Ingrid alikuja akainama juu ya skrini. Ni mama mrefu mwenye nywele fupi za kijivu, na anapotazama vidoti husahau kupepesa macho. Mwaka jana mrushaji wake mmoja alificha maumivu akaendelea kurusha mpaka bega likachanika. Mpaka leo yule dada hawezi kuchana nywele kwa mkono ule. Tangu hapo Ingrid haamini mdomo wa mchezaji. Anaamini vidoti.

Alisema nami kwa Kiingereza cha polepole, kile anachoniwekea mimi. Jumamosi anapeleka majina ya timu ya kiangazi. Kama mkono utakuwa bado unashuka, jina langu halitakuwemo. Alisema si adhabu, ni kunilinda.

"Thank you," nikasema, kwa sababu ndilo neno lililokuwa karibu.

Nilirudi kwenye benchi nikakaa, nikasimama, nikakaa tena. Nilizungusha bega mbele, nikalizungusha nyuma. Nililibonyeza kila mahali kama mtu anayetafuta ufunguo uliopotea mfukoni. Halikuuma popote, na hilo ndilo lililonitisha. Ningejua linapouma, ningelikanda.

Mimi si mtu wa maneno. Nikiwa na watu wengi yananikauka mdomoni. Kwetu Muleba niliacha shule darasa la tano ili nimuuguze bibi, na hapa Minnesota nafua mashuka ya hospitali moja Maplewood, kwenye mashine zinazonguruma kiasi kwamba hakuna anayetegemea useme chochote. Katika maisha yangu yote kuna kitu kimoja tu ambacho watu wamewahi kunyamaza ili wanitazame nikikifanya, nacho ni kurusha mpira.

Kilianza kwenye rede. Wawili wanasimama huku na huku na mpira wa matambara, wa tatu yuko katikati anakwepa, na ukimpata ametoka. Mimi nilikuwa mrushaji kila mara, kwa sababu wenzangu walichoka kunisubiri nikose. Kiangazi kilichopita, Watanzania walipokutana kwa nyama choma kando ya ziwa Phalen, wasichana walicheza rede nami nikaitwa. Mama Rahab alikuwa amealikwa. Ni Mkenya, muuguzi katika hospitali ile ile ninayofulia, na ndiye mpigaji bora wa timu ya besiboli ya wanawake ya Frogtown. Alisimama na sahani yake ya pilau akanitazama mpaka ikapoa.

"Huyu msichana ako na mkono!" akapiga kelele. "Nani mama yake? Nampeleka kwa timu!"

Mama mdogo Redempta, anayekaa nami, alisema hapana. Mama Rahab alisema ndiyo. Mama Rahab ana sauti kubwa zaidi.

Akaanza pia kunichukua kwa gari lake kwenda kazini. Siku ya kwanza, pale kwenye maegesho ya hospitali, nilipiga goti nimsalimu kama nilivyolelewa. Alinivuta juu kwa kola ya koti.

"Wewe! Simama! Watu watafikiria mimi ni nani, Queen? Hapa tunasema hi, tunaingia kwa gari, tunaenda."

Basi tangu siku ile nikawa nasema hi. Nasema nikitazama pembeni, naingia kwenye gari, na njia nzima najiona kama mtu aliyetoka nyumbani bila kufunga mlango.

Siku ile ya vidoti alinirudisha nyumbani mwenyewe.

"Hiyo bega," alisema, jicho kwenye barabara. "Usinifiche. Mimi ni nurse."

"Haliumi, mama."

"Sasa mbona ukinirushia mimi nakugonga tu kama mpira ya watoto? Wasichana wadogo hawakugusi. Mimi mzee, magoti yamekufa, nakugonga."

"Wewe ni hodari."

"Uongo," akasema, akapiga honi bila sababu.

Mama mdogo Redempta aliposikia habari ya bega hakusubiri nimalize. Alichovya taulo kwenye maji ya moto akanikanda nalo hadi ngozi ikawaka. Yeye hajawahi kuja uwanjani. Besiboli kwake ni jambo la aibu ambalo Marekani imeliruhusu kwa kukosa kazi.

"Hebu nieleze tena," alisema, akirudi kumenya ndizi zake. "Mama wa watu anasimama pale na fimbo. Wewe unamlenga."

"Simlengi yeye. Namlenga mdakaji aliye nyuma yake."

"Na yeye yuko wapi?"

"Katikati."

"Basi unamlenga."

"Hapana, mama mdogo. Mpira unapita karibu naye. Akiukosa mara tatu, anatoka."

"Karibu naye wapi?"

Nilijigusa mbavu. Mahali pazuri kuliko pote pa kupitisha mpira ni karibu na mbavu, ambapo mpigaji hawezi kunyoosha mikono.

"Ndiyo maana bega linakukataa," alisema.

Siku iliyofuata kaka Khalfan alinipigia simu. Aliniambia nishuke kwenye treni ya Green Line pale University Avenue, tukutane kwenye mgahawa wa Wavietnamu. Nilimkuta ameagiza chai na hainywi, goti lake likicheza chini ya meza. Khalfan ni mtu wa Tanga. Alikuja huku kusoma takwimu, sasa anafanya kazi kwenye kampuni ya bima, na jioni zake zote anaipa timu. Yeye ndiye aliyemshawishi Ingrid anunue kamera baada ya lile bega kuchanika. Alimwahidi kwamba mashine itaona maumivu kabla ya mtu kuyahisi.

"Sijalala vizuri," aliniambia. "Nimejaribu kila kitu. Nilidhani ni baridi, sivyo. Nilidhani ni uchovu, lakini unashuka hata mazoezi yakiwa ndiyo yanaanza. Nikadhani ni wapigaji wa mkono wa kushoto. Sivyo. Data inaniambia kuna kitu kinatokea. Haitaki kuniambia kwa nini."

Aligeuza kompyuta kwangu. Vidoti vya juu, vidoti vya chini. Nilivitazama mpaka vikaanza kutembea.

"Kaka, huna picha yenyewe? Ile video?"

"Ninayo, lakini jicho halioni tofauti ndogo hivi. Ndiyo sababu tunapima."

"Naomba niione."

Akatafuta, akaweka mbili kando kwa kando. Ilikuwa mara ya kwanza kujiona narusha. Aibu ilinipanda shingoni. Nilidhani ninafanana na mtu mwenye nguvu kumbe nafanana na Koku. Video ya kushoto ilikuwa ya mpira wa juu, ya kulia wa chini. Kaka Khalfan alielekeza kalamu kwenye bega, kwenye kiwiko, kwenye kiganja. Mimi macho yangu yalikuwa yameshuka chini zaidi.

"Rudisha," nikasema.

Akarudisha. Upande wa kulia, kabla tu mkono haujazunguka, goti langu la nyuma lilikunjika. Kidogo tu. Kichwa nacho kikainama kidogo, halafu mpira ukatoka.

"Nani alikuwa anapiga hapo?"

Akabonyeza. "Rahab."

"Na huu mwingine?"

"Philister." Philister ni Mkenya pia, rafiki wa Mama Rahab, ana wajukuu.

"Na huu?"

"Huu… Ingrid mwenyewe. Siku ile alishika gongo la kupigia atuonyeshe." Aliniangalia. "Wote ni wapigaji wazoefu. Hilo nililiona. Nikafikiri labda unawaogopa."

Nilikunja karatasi ya kupangusia mikono ikawa ndogo, nikaikunja tena. Jumamosi ilikuwa inakuja, na kama ningenyamaza ningekaa nje kwa bega lisilo na kosa.

"Si bega, kaka. Napiga goti."

"Unapiga nini?"

"Goti. Nawasalimu. Kwetu binti akisimama mbele ya mtu mzima anapiga goti. Mimi sikujua nafanya. Mwili unafanya wenyewe."

Kaka Khalfan alitazama skrini, akanitazama, akatazama skrini. Kwao pwani shikamoo ipo, lakini magoti yanabaki yamenyooka, kwa hiyo asingeweza kuliona hata angekaa mwaka mzima. Halafu alicheka. Alicheka mpaka mwenye mgahawa akachungulia kutoka jikoni.

"Mashine ya maelfu ya dola," alisema, akifuta macho, "inapima shikamoo!"

Nami nilicheka kidogo. Kisha yeye akaacha ghafla.

"Lakini Koku, nikimwambia Ingrid ni heshima, ataniuliza, sawa, basi Jumamosi mkono utakuwa juu? Na nitamjibu nini? Yeye atatazama vidoti."

"Nitanyoosha goti."

"Utaweza?"

"Nitaweza," nikasema.

Sikuweza. Alhamisi jioni nilisimama kwenye kilima cha mrushaji, kile kituta kidogo cha udongo katikati ya uwanja, nikakaza magoti kama miguu ya meza. Mama Rahab akasimama na gongo. Mpira wa kwanza ulipita juu ya kichwa cha mdakaji ukagonga wavu. Wa pili ulianguka chini katikati ya njia. Kila nilipolifikiria goti, mkono ulisahau kazi yake. Na nilipolisahau goti, lilikunjika, mpira ukatoka chini na laini, na Mama Rahab akaupeleka hadi karibu na uzio.

"Unanihurumia?" alinipigia kelele. "Eh? Mimi nimezaa watoto wanne, nimeshinda corona kwa wodi, wewe na hako kampira kako utaniua? Rusha hiyo kitu hapa!" Akajipiga ubavuni. "Hapa!"

"Samahani, mama."

"Na usiniambie samahani! Nirushie!"

Kocha Ingrid alisimama amekunja mikono. Aliniuliza kama linauma sasa. Nikatikisa kichwa. Alimtazama Khalfan, naye Khalfan akatazama kibodi yake.

Nilikataa lifti. Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani, haraka, nikipita maduka yanayofungwa ya Wahmong, wahamiaji wa kutoka Asia, na kituo cha treni chenye watu waliojikunyata, nikirusha mkono mtupu hewani kama mwendawazimu. Mvulana mmoja kwenye baiskeli alinikwepa. Nilikuwa na hasira na goti. Kisha nikawa na hasira na Mama Rahab, kisha nikaona haya kuwa na hasira na Mama Rahab.

Mama mdogo alikuwa anapakua. Nilisimama mlangoni na viatu vyangu, nikamweleza yote, video na goti na vidoti, kwa haraka, jambo ambalo si kawaida yangu. Alinisikiliza mwiko ukiwa hewani.

"Unapiga goti ukiwa unamrushia mpira," alisema.

"Ndiyo."

"Kwani asubuhi ukimwona humsalimu?"

"Nasema hi."

"Hi!" Aliweka mwiko chini. "Mama anakuchukua kwa gari lake, unamwambia hi?"

"Alinikataza. Alisema watu wanatazama."

"Sasa umeshangaa nini? Salamu hujaitoa. Inatafuta pa kutokea." Akanisukumia sahani. "Bibi yako unamkumbuka sokoni, akigombana na yule mama wa dagaa?"

Nilimkumbuka.

"Alikuwa akifika anapiga goti kwanza. Anasalimu, anaitikiwa, anauliza watoto hawajambo, ng'ombe hawajambo. Halafu anasimama, anajikung'uta vumbi, ndipo anaanza kumtukana. Anamtukana vizuri kabisa, mpaka watu wanaacha kununua." Mama mdogo alitabasamu, nami sikumbuki mara ya mwisho kumwona akitabasamu kwa habari ya besiboli. "Sisemi kwamba urushe. Mimi huo mchezo siupendi. Nakuambia tu kwamba ukishamsalimu mtu, umemaliza naye. Kula."

Jumamosi ilikuja na jua lisilo na joto. Kocha Ingrid alikuwa na kompyuta ya Khalfan mbele yake kwenye kiti cha kukunja, na hakuificha. Niliwarushia wasichana wadogo kwanza. Walizungusha gongo, walikosa, walikwenda kukaa. Kaka Khalfan alinyanyua kidole gumba chini kwa chini. Kisha Mama Rahab akaja, akitafuna jojo, akakanyaga udongo mara mbili kama ng'ombe dume.

Mpira wa kwanza ulishuka. Nililihisi goti safari hii, nilihisi likikunjika, na sikuweza kulizuia, kama mtu asivyoweza kuzuia kope kupepesa. Gongo liliugonga, ukatoka nje ya mstari. Nilimwona Ingrid akiinama kwenye skrini. Nilimwona akinyoosha mkono kuchukua kalamu yake.

Nikaweka mpira kwenye glovu, nikashuka kilimani, nikaanza kutembea kwenda kwa Mama Rahab.

Watu walidhani bega limekatika. Ingrid aliruka kutoka kitini. Mdakaji alivua kinyago chake. Nilisikia mtu akiita jina langu, lakini nilikuwa nimeshafika, na kama ningesimama kufikiri ningekimbia hadi nyumbani. Niliweka glovu chini. Nikapiga magoti yote mawili kwenye udongo mwekundu, mbele ya timu nzima na watu waliokuwa wakitembeza mbwa wao kando ya uzio.

"Shikamoo, mama."

Mama Rahab aliacha kutafuna. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Nilidhani atanishika kola.

"Koku, nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Nakusalimu. Sijakusalimu tangu siku ile."

Gongo lilishuka kutoka begani kwake polepole hadi likagusa ardhi. Aliponijibu, ile sauti yake kubwa haikuwepo.

"Marahaba, mwanangu."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Yule wa mwisho amepata kazi." Aliangalia pembeni, akavuta pua. "Mimi sijaamkiwa hivi tangu mama yangu azikwe. Haya, sasa simama, utapata baridi kwa magoti."

Nikasimama. Nikajikung'uta vumbi. Ingrid alikuwa ameshafika, akiuliza bega, bega, akinishika mkono, na kaka Khalfan alikuja mbio nyuma yake akimweleza kwa Kiingereza cha haraka sana, akionyesha goti lake mwenyewe, akilikunja na kulikunjua. Sikusubiri wamalize. Nilirudi kilimani nikitembea kama mtu anayejua anakokwenda.

Tulianza hesabu upya, nikarusha. Mpira ulipita ubavuni kwake kabisa, Mama Rahab akaruka nyuma na kupiga yowe.

"Woi! Unataka kuniua?"

Mdakaji alionyesha kidole. Straiki, yaani kosa la kwanza la mpigaji.

Niliurudisha mpira pale pale, mwili ukiwa mwepesi hadi nikajishangaa. Akazungusha gongo, akakosa, akaniita jina la Kikuyu ambalo sikulielewa na nadhani ni afadhali. Nikarusha wa tatu. Ulikuwa mzuri kuliko yote, nilijua tangu unatoka kwenye vidole. Mama Rahab naye alikuwa ameshanijua. Aliupiga. Mlio ulikuwa mkavu kama ubao uliovunjika, mpira ukapanda, ukapita juu ya wasichana waliokuwa nje, ukavuka uzio na kuanguka kwenye maegesho, karibu na mabaki ya ile theluji.

Basi, nikajua imekwisha. Nilisimama nikitazama kule ulikoangukia. Mama Rahab alikuwa anazunguka uwanja kwa mbio zake nzito, mikono juu, akiimba. Alipopita nyuma yangu alisema, "Sasa hiyo ndiyo mpira, mtoto! Hiyo ndiyo mpira!"

Nilipogeuka, niliona Ingrid hakuwa anautazama mpira. Ni yeye peke yake uwanja mzima. Alikuwa ameinama juu ya kompyuta na Khalfan, vichwa vyao karibu vigusane. Kaka Khalfan alinyanyua uso.

"Vimekaa pamoja!" alipaza sauti kwa Kiswahili. "Vyote vitatu, juu! Hata huu uliopigwa!"

Ingrid aligeuka kwangu. Kisha akasema, kwa Kiingereza chake cha polepole, kwamba mpira mzuri unaweza kupigwa, hilo halimsumbui, ila bega lililo zima ni bega lililo zima. Akaandika. Hakuniambia ameandika nini, lakini Khalfan alikuwa amesimama nyuma yake, naye Khalfan hajui kuficha uso.

Nilitaka kukaa chini. Nilitaka kukimbia. Nilichezesha mpira kwenye glovu, nikautoa, nikaurudisha. Nilifikiri juu ya kiangazi, timu za miji mingine, wamama wasiojua Kiswahili watakaosimama mbele yangu na magongo yao, na jinsi watakavyonitazama nikiwaendea na magoti yangu. Sikujua nitawaambia nini.

Philister alikuwa anakuja na gongo lake begani, miwani imefungwa kwa kamba.

Nikashuka kilimani kwenda kumsalimu.